Taa Nne, Firigisi Moja

Mama Sikitu alikuwa anasugua sufuria lililoungua pale jirani yake, Bi Mwamvua, alipoita kutoka ng'ambo ya ua.

“Shoga, nguzo imeanguka! Hakuna umeme mpaka kesho saa mbili asubuhi.”

“Na vifaranga wangu?”

Alikuwa na vifaranga mia mbili, wachanga mno. Baridi ya usiku mmoja ingewamaliza. Ilikuwa saa kumi jioni. Ndani alikuwa na taa nne za chemli na mafuta lita sita tu. Taa zote zikiwaka hula nusu lita kwa saa.

“Yatatufikisha asubuhi?” akawauliza wanawe watatu.

Sikitu, mkubwa, kipaji chake kilikuwa kugeuza maneno kuwa hesabu. “Saa ni x, mafuta yaliyobaki ni y. Basi y = 6 − ½x.”

“Hiyo x inawasha taa?”

Mlekwa, wa pili, mkono wake ulinyoosha mstari bila rula. Akachukua mkaa, akauchora ukutani: saa kwenye mhimili wa chini, mafuta kwenye wa kando.

“Ukuta niliopaka chokaa juzi!”

“Subiri, mama. Mstari umekata mhimili kwenye sita. Yataisha baada ya saa sita!”

“Sita hizo ni lita tulizoanza nazo, bwege,” alisema Sikitu. “Tazama unapokata mhimili wa chini.”

Mlekwa akauendeleza. Kumi na mbili. Yaani saa kumi alfajiri, baridi ikiwa kali kuliko wakati wowote.

Zamda, mdogo, hesabu hakuzipenda, ila kuku aliwajua. Akawazungushia vifaranga maboksi, wakabanana, akaweka kando taa moja. “Wakikaribiana, tatu zinawatosha.”

Sikitu akaandika upya: y = 6 − ⅜x. Mlekwa akachora tena, mstari ukalala kidogo, ukakata chini kwenye kumi na sita. Saa mbili asubuhi.

Umeme ulirudi taa zikikoroma kwa kuishiwa mafuta.

Jioni yake Mama Sikitu alichinja jogoo. Firigisi ni ya baba, lakini baba yuko safarini; basi leo ni ya aliyeokoa vifaranga.

“Bila mlinganyo wangu mngekisia tu!”

“Bila mstari wangu nani angejua yanaisha lini?”

“Na bila mimi mngetazama ukuta mpaka wafe.”

“Nyamazeni! Kichwa kinaniuma.”

Akapakua ugali, akahesabu: watoto watatu, wapo. Vifaranga mia mbili, wapo. Firigisi imebaki kwenye kijiko, mkono umeanza kuchoka.

Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza: angeiweka kwenye sahani ya nani?