Gunzi Kwenye Kibomba cha Kupumulia

Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Leo nina habari ya mtu mmoja na trekta lake.

Kulikuwa na mkulima mmoja, mtu wa ibada kama mimi na wewe, aliyekuwa na trekta kuukuu aliloachiwa na baba yake. Pembeni ya injini palikuwa na kibomba cha kupumulia, na kibomba hicho kilikuwa hakiishi kutoa moshi na kudondosha oili. Sasa, kwao ilikuwa desturi: Jumapili ya mwisho kabla ya mvua, watu huleta majembe, mbegu na matrekta kwenye uwanja wa kanisa viombewe. Wewe ungepeleka mbele ya mchungaji trekta linalovuja? Mkulima wetu aliona haya. Akaliosha kwa dizeli hadi likang'aa, akachukua gunzi la hindi, akaligongomea kwenye kile kibomba. Moshi ukakoma. Watu wakalisifu trekta, naye akarudi nyumbani kifua mbele. Gunzi akaliacha pale pale.

Jumatatu akaingia shambani. Hajamaliza hata mistari mitatu, oili ikaanza kuchuruzika mbele ya injini. Akakaza nati. Ikatokea nyuma. Akakaza tena, ikatokea chini, na bomba kubwa la moshi nalo likawa linafuka moshi wa bluu mzito. Mawingu yalikuwa yameshajipanga mlimani. Jamani, hakutulia mtu yule! Mara yuko kwenye kiti, mara yuko chini ya injini, mara anatazama mlima. Shamba lile ndilo chakula cha wanawe mwaka mzima, na mvua ikimkuta hajalima, basi tena.

Jumatano akamwita fundi, mama mmoja wa makamo aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya mashamba ya mkonge. Mama yule hata spana hakushika. Aliizunguka injini mara moja, akainama, akachomoa gunzi. Moshi ukamlipukia usoni.

"Baba, nani kaweka hili dude?"

"Mimi, mama. Kilikuwa kinatoa moshi."

"Si kilikuwa kinakwambia! Ringi za pistoni zimekwisha, moto unapenya unashuka kwenye oili. Ulipoiziba pumzi, ikatafuta pengine pa kutokea. Oili imesukumwa kwenye kila upenyo, nyingine inapanda juu inaungua, ndiyo huo moshi wa bluu. Injini hii ifunguliwe leo."

"Siku ngapi?"

"Nne, tukipata ringi mjini."

Siku nne! Akautazama mlima. "Niache nilime kwanza, mama. Nikimaliza nitakufuata mwenyewe."

"Haya. Lakini gunzi lisirudi."

"Halirudi, mama."

Akawasha. Moshi wa kibomba ukampiga usoni, na barabarani majirani walikuwa wanapita kwenda mashambani kwao. Akaangalia huku na huku, akaokota gunzi jingine.

Alilima mpaka saa nane mchana. Ndipo injini ikaanza kunguruma yenyewe, mlio unapanda, unapanda, wala yeye hajagusa kitu. Akakata dizeli. Haikuzima. Mnanisikia, ndugu zangu? Alikata dizeli na injini haikuzima, kwa sababu ilikuwa inakula oili yake yenyewe. Akaruka chini, akakimbia, akasimama kwenye tuta, mikono kichwani, anapiga kelele, "Simama! Simama!" Kukawa na mlio mmoja mkubwa, kisha kimya. Injini ilikuwa imepasuka. Jioni ile ile mvua ikanyesha, na zaidi ya nusu ya shamba haikuwa imelimwa.

Mnacheka? Msimcheke. Sisi tunaziba wapi? Mkeo anapokwambia, "Baba, siku hizi pombe inakumaliza," unamjibu nini? Si unamwambia apunguze sauti, majirani watasikia? Mtoto anapotetemeka akiambiwa aende kwa mjomba wake, unamuuliza kwa nini, au unamwambia asiaibishe ukoo? Tunamnyamazisha anayetoa moshi, halafu tunashangaa nyumba inavuja kila mahali.

Na humu kanisani je? Mwezi uliopita, siku ya ugeni wa askofu, dada mmoja alisimama benchi la nyuma akilia, akaanza kusema anapigwa kwake, na anayempiga anaimba nasi kwaya. Nani alimwambia akae chini, kuna wageni? Mbona mnawatazama wazee wa kanisa? Ni mimi. Kwa mkono huu nilimwashiria akae. Tangu siku ile nakula bila kusikia ladha, naanza sala siimalizi.

Dada yangu, nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Wewe ulisema kweli, mimi nikaona aibu. Ukitaka kusimama leo, simama, useme mpaka umalize. Kwaya itasubiri.