Mwanakheri na Chumba cha Wakfu

Sogea karibu, na kabla sijafungua kinywa niapie kwa Mola wako kwamba haya hayatatoka hapa. Sitara ya muumini ni amana, na aliyenipa kisa hiki aliniapisha vivyo hivyo. Umeapa? Haya basi, enyi waumini, sikilizeni nyote, na walio nyuma wasogee mbele, maana amana hii imeshanielemea na umri wangu si wa kubeba mizigo.

Wanawake wakweli wa zamani wamepokezana, kinywa kwa sikio, kwamba katika mji wa Mkunguni, siku ambazo watu walimcha Mungu hata wakiwa peke yao, aliishi mjane mwema aitwaye Mwanakheri binti Shale. Sala hazikumpita, Jumatatu na Alhamisi alifunga, na kazi yake ilikuwa kushona kofia: zile nyeupe zenye vitundu vidogo kama punje za mtama, kila kitundu kimezungushiwa uzi wa hariri. Kazi hiyo ni ya macho. Macho yakiondoka, riziki nayo hukunja mkeka wake ikafuata.

Mwanakheri hakujaliwa mtoto. Hilo halikumkondesha mpaka alipomuuguza shangazi yake, mwanamke aliyewahi kulisha nusu ya mtaa. Shangazi alipolala kitandani, mwanzo uji ulikuja wa moto, kisha ukaja baridi, kisha ukaachwa mlangoni, kisha haukuja. Alibaki Mwanakheri kumgeuza ubavu na kumwosha. Na asubuhi moja, Mola amsamehe, alisimama na kata ya maji mkononi akasema moyoni, "Na huyu naye hafi?" Shangazi akafa wiki ile ile. Tangu hapo Mwanakheri hakupata usingizi mtamu. Alijua kwamba watu huchoka, kwa kuwa yeye, damu moja na mgonjwa, alichoka. Je, yeye atageuzwa na nani?

Kando ya msikiti palikuwa na chumba cha mawe. Bibi mmoja tajiri wa kale alikiweka wakfu pamoja na shamba la minazi, kwa sharti: akae humo mwanamke mmoja tu, asiye na mtoto, aliyepofuka, alishwe kwa zamu na kuuguzwa mpaka Mola amchukue. Wa pili haingii mpaka wa kwanza atoke kwa jeneza.

Mwaka huo chumba kikawa kitupu, na kila mtu alijua ni haki ya nani. Ni haki ya Mwanate, mjane asiye na mtoto, somo yake Mwanakheri, walioketi mkeka mmoja wakishona tangu usichana wao. Macho ya Mwanate yalikuwa yameingia ukungu.

"Kaseme kwa Maalim," wanawake wakamhimiza.

"Bado nauona mwanga wa mlango," akajibu Mwanate. "Huenda yuko aliye gizani kabisa. Mimi nitasubiri."

Kusubiri huko ndiko kulikomponza. Asubuhi ya pili Mwanakheri alitoka nje mikono mbele, akajigonga kwenye mtungi, akapiga ukelele: "Jamani, nimeamka gizani!"

Maalim Mzamil, msimamizi wa wakfu, alikuwa muungwana kupita kiasi. Hakumwapisha. Alisema, "Nani atajizulia upofu?" Na aliyemshika mkono Mwanakheri kumpeleka chumbani ni nani, kama si Mwanate? Alimwongoza huku yeye mwenyewe akikaza macho, akisogeza mawe njiani kwa mguu.

"Pole, somo," akamwambia. "Kumbe mwenye giza ulikuwa wewe, na mimi najililia."

Mwanakheri akafumba macho, na siku hiyo aliyafumba kweli.

Basi akalishwa. Na hapa nikupeni utamu wake, ingawa kucheka si vizuri. Bakuli la Jumanne lililetwa na Bi Timami, mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko shela yake. Bi Timami huketi kizingitini, akachagua kipande kikubwa cha samaki, akakila taratibu mbele ya "kipofu", akalamba vidole, kisha akasema kwa huruma: "Kitoweo kidogo leo, bibi. Bahari imechafuka."

"Alhamdulillahi," hujibu Mwanakheri, akiuona mwiba unavyotupiwa paka.

Angesema nini? Watoto walimtolea ndimi, akatabasamu kama asiyejua. Wanawake walisimama mbele ya uso wake wakanong'ona, "Huyu hamalizi mwaka." Msahafu wake ulikaa rafuni bila kufunguliwa. Vidole vyake vikaisahau sindano. Aliukimbia uzee, akauingia kabla haujamwita.

Naye Mwanate akapofuka kweli. Shemeji zake walimpa kibanda cha uani, na neno juu yake: "Utakula, mama, ila uje na kitu mkononi." Akawa anashona kwa kupapasa. Wanunuzi wakazirudisha kofia zake.

"Vitundu vyake siku hizi ni vya wavu wa papa," Bi Timami alimsimulia Mwanakheri huku akitafuna. "Maskini, juzi wamemnyima chakula cha mchana."

Siku hiyo hata mchuzi uliobaki Mwanakheri alimwachia paka.

Kila Ijumaa baada ya alasiri wanawake walikusanyika nyumbani kwa Maalim kusikiliza darsa, na Mwanate huongozwa kwenda. Mwanakheri akaanza kuumwa kichwa kila Ijumaa. Mji ukinyamaza, huingia kibandani kwa somo yake, akafumua mishono iliyopotoka, akaishona upya, kisha akairudisha kofia pale pale ilipokuwa.

Mji ukavuma. Kipofu anashona kuliko wenye macho! Wakasema ni karama, ni malaika wanaomshukia Mwanate kwa subira yake. Mwanate mwenyewe alisema tu, "Mola ndiye ajuaye."

Lakini siku moja alipapasa ukuta mpaka chumba cha wakfu, akaketi karibu na Mwanakheri.

"Somo," akasema, "malaika wangu hukaza fundo sana. Namjua mtu mmoja tu mwenye mkono huo, nami nimeshona naye tangu sijavunja ungo."

Mwanakheri akauficha mkono wake chini ya shela.

"Simfichui," akaendelea Mwanate. "Ila akiwa na neno, aniambie yeye."

"Kichwa kinaniuma leo, somo. Tutazungumza kesho."

Kesho ikaja, akasema kesho. Enyi waumini, mlango wa toba ulikuwa wazi kiasi hicho, na ufunguo anao somo yake mpenzi, naye Mwanakheri akaketi akiutazama!

Ijumaa iliyofuata, katikati ya darsa, Bi Timami akasimama. "Maalim, tunasomewa habari za malaika, na malaika wenyewe kila Ijumaa wako kibandani kwa Mwanate, mtaa wa pili! Twendeni tukapate baraka."

"Msiende," Mwanate akasihi. "Aliyetenda kwa siri mwacheni na siri yake."

Nani alimsikia? Walimshika mkono wakamburura, na wanaume waliokuwa barazani wakafuata, na Maalim nyuma yao akiwakataza huku akienda mbio. Bi Timami akausukuma mlango wa kibanda.

Mwanakheri alikuwa dirishani. Sindano ameiinua kwenye mwanga, jicho moja amelifumba, uzi ameulowanisha mdomoni, naye anaupitisha kwenye tundu.

"Subhanallah!" Bi Timami akapaza sauti. "Malaika ana mvi!" Kisha akatazama vizuri. "Jamani, huyu anaona! Huyu..." Akajiziba mdomo kwa viganja viwili, na Jumanne zote zikampita usoni.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza Mwanate. "Niambieni mlichokiona."

 Mwanakheri mkono ungali juu na sindano yake, akasema mwenyewe: "Wameniona mimi, somo. Naona. Sijapofuka hata siku moja."

"Kwa nini, binti Shale?" Maalim akauliza kwa sauti ndogo.

"Niliogopa, Maalim. Ningekuja na macho yangu mazima nikasema, jamani, nauogopa uzee, mngenilisha?"

 Mwanate akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata mkono wenye sindano.

"Nilikungoja uniambie tukiwa wawili," akasema, na machozi yakamtoka kwenye macho yasiyoona.

Kuuogopa uzee si dhambi, ndugu zangu. Hata wacha Mungu waliuogopa. Dhambi ni kumlalia mwenzako kitanda chake kwa hofu hiyo. Lakini na mji unaongoja mwanamke apofuke ndipo umkumbuke kwa bakuli, tena bakuli lililokwisha kuchaguliwa samaki, nao utaulizwa. Mola atusitiri, na atupe mtu wa kutugeuza ubavu.