Kwa Nini Vijidudu Hurefuka Kama Nyuzi

"Nimesema rudisha kibuyu, mama! Dawa hiyo ni ya Limi peke yake."

"Peke yake?" Bibi Kabula, mama mkwe wa Nyamizi, alicheka, kibuyu kikiwa kwapani. "Umeolewa juzi tu, leo unanifundisha kugawa? Katika mji huu hata panzi wa kuchoma hugawanywa. Baba mkwe wako alambe, shemeji zako walambe, ndipo mtoto apate."

"Wao wanaumwa nini?"

"Wanaumwa kunyimwa!"

Nyamizi alikivuta kibuyu, asikipate. Binti yake Limi alikuwa na siku ya tatu kitandani, usaha ukimtoka sikio la kushoto, mwili ukiwaka moto. Mganga alikuwa ametoa dawa ya siku saba, kikombe kwa siku. Sasa watu wazima wenye afya zao walikuwa wakiilamba kwa heshima ya ukoo, na mtoto mgonjwa akiachiwa matone.

Zama hizo vijidudu vyote vya maradhi vilikuwa vifupi kama punje za ulezi. Kila kimoja kilipokua kidogo kilijikata kiuno, kikawa viwili. Havikujua maisha mengine. Dawa ilipovijia kwa wingi, vilipasuka vikafa.

Lakini matone yale hayakutosha kuua. Yalitosha kutesa tu. Kila kijidudu kilipotaka kujikata kiuno, dawa ilikizuia, nacho hakikuacha kula. Kikarefuka. Kikarefuka tena, kikawa kama uzi, tumboni kimejaa watoto wasiozaliwa. Na katika kungoja huko kikaizoea dawa, kikajifunza kuitema.

Limi akapoa kidogo. Bibi Kabula akatamba kisimani kwamba mgao wake ndio ulioponya. Siku ya tano kibuyu kikakauka. Hapo nyuzi zile zikajikata zote kwa pamoja. Palipokuwa na kijidudu kimoja vikatoka kumi, na kila kimoja kilikuwa kimekwisha kuijua dawa. Homa ikarudi kwa kishindo. Mganga akachimba mzizi mwingine, mchungu kuliko wa kwanza. Homa ilishuka, lakini sikio lilikuwa limekwisha kufa.

Na tangu siku hiyo vijidudu vikionjeshwa dawa kidogo havifi vyote. Vingine hurefuka, vikangoja. Ndiyo sababu mpaka leo dawa ya mgonjwa hunywewa na mgonjwa, yote, mpaka iishe. Desturi hiyo aliianzisha Nyamizi, pale Bibi Kabula alipokuja bila haya kutaka mgao wa dawa ya pili, akamkuta amesimama mlangoni, mikono yote miwili imeshika miimo.

"Pita, mama," Nyamizi alimwambia. "Simama upande wake wa kushoto, umnong'oneze jina lake sikioni. Akigeuka, nitakupa."