Mzoga wa Tano wa Masamaki

Machinjioni kwa Bosi Masamaki, wenye vibali walikuwa ng'ombe tu. Kila mwezi Mpawenayo, mchuna ngozi kutoka Burundi, aliomba barua ya ajira ili apate kibali cha kazi. Kila mwezi bosi alimjibu, "Barua ya nini? Mimi sikujui."

Asubuhi moja daktari wa mifugo alitokea ghafla na afisa kazi.

"Jifiche!" bosi akamnong'oneza Mpawenayo.

"Nitajiviringishia shuka la kufunikia nyama, nining'inie kati ya ng'ombe."

"Una akili wewe!"

Daktari akahesabu. "Vibali vinne, mizoga mitano. Huu wa tano ni wa nani?"

"Wangu, daktari," bosi akajibu.

"Basi niupasue niukague." Akachomoa kisu.

"Usikate! Huyo si ng'ombe, ni mfanyakazi wangu!"

"Tangu lini?" akauliza afisa kazi.

"Miaka mitatu, wallahi!"

Afisa kazi akaandika barua ya ajira, bosi akatia sahihi.

Daktari akaliambia shuka, "Kisu ulichoniazima hiki hapa. Ulisema kweli kwamba angekiri kabla sijakugusa."

Mpawenayo akachomoza kichwa.

"Bosi, nishushe basi. Nimechelewa kazini."