Kwa Nini Mjusi Hamalizi Sala

Zamani, kabla wanyama hawajatawanyika kila mmoja na tundu lake, walisali jamaa, bega kwa bega, tembo amejibana asimwangukie panya. Uimamu ulikuwa cheo. Na cheo, kama mjuavyo, hakimtafuti anayejua.

Aliyejua alikuwa Kinyonga. Alisoma miaka kumi na miwili, hukumu za sala anazo zote kichwani, kila nafasi ikitoka anaandika barua. Akaambiwa hana uzoefu. Uimamu akapewa Mjusi, kijana wa rangi ya vumbi, kwa sababu mjomba wake Kenge alikuwa kwenye kamati. Koneksheni tu, wallahi. Kinyonga akapangwa safu ya kwanza, nyuma ya kisigino cha imamu.

Hapo ndipo presha ilipoanza. Kila akisoma, Mjusi alihisi macho yale yanayozunguka yamemganda mgongoni. Akirukuu anajiuliza: nimekosea? Akisujudu: ananihesabia? Alijua kosa moja tu mbele ya watu, na nafasi imekwenda.

Adhuhuri moja msikiti umejaa, akiwa kwenye sijida, akamsikia Kinyonga akikohoa. Kikohozi cha vumbi, basi. Lakini Mjusi alikipima kikohozi kile, akakichambua, hata akasahau yuko rakaa ya ngapi. Ilikuwa ya nne. Badala ya kuketi kwa tahiyatu, akasimama.

"Subhanallah," akasema Kinyonga, kama inavyompasa maamuma kumzindua imamu aliyesahau.

Mjusi akawaza: ameanza huyu. Anataka niketi kabla ya wakati, nichekwe, achukue nafasi. Hakuketi.

"Subhanallah," ikasema safu nzima.

Akazidi kujikaza, jasho linamtoka, damu imempanda hadi kichwa kikawa chekundu. Akainama, akainuka, akainama tena, hajui anaongeza au anapunguza. Mwishowe maamuma wakanuia kuachana naye, wakamaliza wenyewe, wakatoa salamu.

Kinyonga akamsogelea, polepole kama kawaida yake. "Sheikh, rudi uketi. Sujudu sijida mbili za kusahau, utoe salamu, yaishe. Dini yenyewe imeshajua kwamba tutasahau."

Mjusi akakata sala, akageuka. "Nikizisujudu hizo, watajua nimekosea."

"Wameshajua, ndugu yangu. Hata panya alikuwa anakuhesabia kwa vidole."

"Basi nitaanza upya. Mara hii bila kosa hata moja."

"Hakuna aliyekuomba hivyo."

Mjusi akapanda ukutani, mbali na watu, akapiga takbira. Alipofika katikati akapinda shingo kuangalia nani anamtazama, hesabu ikamponyoka. Akaanza tena. Ikamponyoka tena.

Na tangu siku hiyo mjusi yuko ukutani na kichwa chake chekundu, anainama na kuinuka, anainama na kuinuka, halafu anatulia ghafla, jicho pembeni. Ukipita karibu atakimbia hatua chache, atasimama, ataanza upya. Watoto hudhani anawakejeli, wakamtupia mawe. Hamkejeli mtu. Anaitafuta rakaa ya nne. Na huko msikitini wenzake wamekwisha kusali hata alasiri, wamekunja mikeka, wamekwenda zao, wala hakuna anayemkumbuka.