Neno Alilolimeza Nguchiro

Hadithi! Hadithi!

Njoo, tumekaa!

Nije na kicheko au nije na kilio?

Njoo na ulichonacho!

Basi leo nina kilio. Sogeeni karibu, wadogo wakae mbele, na anayetafuna mahindi atafune polepole, maana ngano hii haipendi kelele.

Zamani, zamani za mababu wa mababu zetu, wanyama walikuwa wakiendesha baiskeli. Msinicheke. Walikuwa wakiendesha. Twiga alikuwa na yake ndefu, panya alikuwa na yake ndogo, na barabara yao ilitoka Mto Kijivu, ikapanda vilima vitatu, ikateremka mpaka Uwanda wa Chumvi.

Katika nchi hiyo alikuwako Nguchiro. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mifupi na macho makali. Baiskeli alikuwa nayo, ila kuiendesha hakujua. Siku ya kwanza alipanda, akaangukia miibani. Siku ya pili alipanda, akaangukia mtoni. Siku ya tatu alipanda, akaanguka mbele ya nyumba ya Ngiri, puu!

Waliopita njiani walicheka mpaka wakashika mbavu. Ngiri alitoka ndani, hakucheka. Alimnyanyua, akampangusa vumbi, akasema, "Mdogo wangu, wewe unatazama gurudumu. Anayetazama gurudumu huanguka. Tazama mbele. Panda, nimekushika."

Ngiri akakishika kiti cha ile baiskeli, akakimbia nyuma yake. Jua likapanda, jua likashuka, Ngiri anakimbia tu. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa Nguchiro akageuka kusema, "Kaka, usiniachie!" Akamwona Ngiri amesimama kule mbali, mikono kiunoni, anatabasamu. Alikuwa amekwisha kumwachia kitambo.

Hivyo ndivyo Nguchiro alivyojua baiskeli.

Sasa, wanyama walipokuwa wengi barabarani, kila mmoja akienda anavyotaka, waligongana, wakatukanana. Ndipo akajitokeza Bibi Kanga, yule ndege mwenye madoa. Nanyi mnajua kanga wanavyotembea, mmoja nyuma ya mwingine, mstari kama uzi. Bibi Kanga akawakusanya, akawafundisha kwenda pamoja. Alikuwa mkali huyo! Ukitoka kwenye mstari anakudonoa.

"Upepo ni adui," aliwaambia, "na adui hapigwi na mmoja. Wa mbele apasue upepo, wa nyuma wapumzike. Wa mbele akichoka arudi nyuma, mwingine ashike zamu. Mmesikia?"

"Tumesikia, Bibi!"

"Na msikie hili zaidi. Anayefuata haoni barabara, anaona mgongo wako tu. Ukiona shimo, sema! Ukiona jiwe, sema! Ukiona mchanga, sema! Mmesikia?"

"Tumesikia, Bibi!"

Nguchiro na Ngiri waliendesha pamoja siku zote. Ngiri alikuwa na mgongo mpana kama mlango, na nyuma ya mgongo ule Nguchiro hakuujua upepo. Lakini Ngiri alikuwa na shida moja. Macho yake yako juu, karibu na utosi, na tena si makali. Akiinama kwenye usukani, mashimo haoni. Kupanda si neno, maana kupanda ni polepole. Kuteremka ndiko kulikomtia hofu.

Basi wakapatana. Kwenye tambarare na kwenye mwinuko, Ngiri atangulie na kupasua upepo. Kwenye mteremko, Nguchiro atangulie na kutazama. Ngiri ataimba:

*Mbele kuna nini, mwenzangu ee?*

Na Nguchiro atamjibu:

*Mbele kuna shimo, pinda kulia!*

Au jiwe, au mchanga, chochote atakachokiona.

"Na ukinyamaza," Ngiri akasema, "nitajua njia ni nyeupe, nami nitakanyaga."

"Nikinyamaza, kanyaga," akasema Nguchiro.

Wakaenda hivyo masika yote na kiangazi chote. Hakuna aliyewashinda.

Siku moja ikapigwa mbiu: kutakuwa na mbio, kutoka Mto Kijivu mpaka Uwanda wa Chumvi, na atakayetangulia kufika atapewa kengele ya shaba ya kufunga kwenye usukani. Kengele tu, jamani. Kitu cha kushika kwa vidole viwili.

Nguchiro akaenda kisimani kuchota maji. Pale kisimani alikuwako Kima, ambaye ulimi wake haujui kupumzika.

"Nguchiro," akaita Kima, "hivi wewe unaendesha au unabebwa?"

Watu wa kisimani wakacheka.

"Tukiuondoa mgongo wa Ngiri, wewe utabaki nini? Utabaki mkia!"

Wakacheka tena. Nguchiro naye akacheka, ili wasijue. Lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipofika nyumbani ugali haukupita.

Jioni ile Ngiri akampitia. Akakaa kizingitini, akamwambia, "Mdogo wangu, nimefikiri. Kesho tukiwa wa kwanza, tuvuke mstari sambamba, wewe hapa, mimi hapa. Kengele ikae kwako wiki moja, kwangu wiki moja. Watoto wangu wataipenda."

"Sawa, kaka," akasema Nguchiro. Hakumtazama.

Kulipokucha, filimbi ikalia, baiskeli zikaondoka kama nyuki. Ngiri alipasua upepo, Nguchiro nyuma yake. Walipoanza kupanda Kilima cha Nyuki, wenzao walikuwa wamebaki mbali.

Wakafika juu, wakabadilishana. Mteremko wa kwanza. Ngiri akaimba:

*Mbele kuna nini, mwenzangu ee?*

*Mbele kuna shimo, pinda kulia!*

Ngiri akapinda kulia, akapita salama.

Wakapanda Kilima cha Mawe, Ngiri mbele, jasho linamtiririka mpaka kwenye meno yake yaliyopinda. Wakafika juu, wakabadilishana. Mteremko wa pili.

*Mbele kuna nini, mwenzangu ee?*

*Mbele kuna mchanga, shika breki!*

Ngiri akashika breki, akapita salama.

Wakapanda Kilima Kirefu. Hicho ndicho kilima cha kilio. Ngiri alitangulia, akikanyaga kwa nguvu zake zote, anahema, na kila alipohema alisema, "Upo, mdogo wangu?" na Nguchiro akajibu, "Nipo." Wakafika juu. Kule chini Uwanda wa Chumvi ulikuwa unang'aa, watu wamejipanga kama mchwa.

Nguchiro akashika zamu. Mteremko wa tatu.

Mvua ya juzi ilikuwa imeikata ile barabara katikati. Maji yalikuwa yamechimba korongo, refu kwenda chini, na yameacha kijia kimoja tu kando, chembamba kama mkanda. Nguchiro alikiona. Alikiona mapema kabisa.

Nyuma yake Ngiri akaimba:

*Mbele kuna nini, mwenzangu ee?*

Neno likaja. Likapanda kifuani, likafika kooni. Na pale kooni likakutana na yale ya Kima. Nguchiro akasema moyoni, "Ataanguka kidogo tu. Atajipangusa vumbi, atanifuata. Mara hii moja tu, nifike peke yangu."

Akalimeza.

Akapinda, akapita kwenye kile kijia chembamba.

Ngiri akasikiliza. Hakusikia kitu. Akajua njia ni nyeupe, akakanyaga.

Mmenisikia? Alikanyaga.

Nguchiro alisikia mshindo nyuma yake. Hakugeuka. Aliteremka mpaka uwandani, na pale uwandani upepo wa tambarare ukampiga usoni kwa mara ya kwanza tangu ajue baiskeli. Ulikuwa mkali. Machozi yalimtoka, akadhani ni ya upepo.

Akavuka mstari. Ngoma zikalia. Akapewa kengele.

Katika watu wale alikuwamo mke wa Ngiri, ameshika kibuyu cha maji, watoto wawili pembeni yake.

"Hongera, shemeji," akasema. "Mwenzio yuko wapi?"

"Anakuja."

Akafika Pundamilia. Mke wa Ngiri akauliza, "Shemeji, mwenzio yuko wapi?"

"Anakuja."

Wakafika wengine na wengine, wote wamepitia kile kijia, wote wanahema. Mwisho kabisa akafika Kima. Kima akasema, "Kuna gurudumu pale ukingoni mwa korongo. Nilidhani limetupwa."

Mke wa Ngiri akageuka kumtazama Nguchiro. Hakuuliza tena. Kibuyu kilimponyoka, maji yakamwagika yote.

Nguchiro akapanda baiskeli, akarudi alikotoka. Alikipanda Kilima Kirefu peke yake, hakuna mgongo mbele yake, hakuna wa kumwuliza "Upo?" Akafika kwenye korongo, akashuka kwa kuteleza.

Ngiri alikuwa chini kabisa, amelala ubavu. Alikuwa hai bado. Jua lilikuwa linampiga machoni.

"Ni wewe, mdogo wangu?"

"Ni mimi, kaka."

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Vizuri." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nawaza hapa. Nikasema, huyu atakuja kujilaumu. Usijilaumu. Najua uliniita. Upepo wa kilima hiki ni mwizi, umeichukua sauti yako kabla haijanifikia."

Nguchiro akampangusa vumbi usoni.

"Jua linanichoma," akasema Ngiri. "Nikinge kidogo."

Nguchiro akasimama amkinge. Alijinyoosha, akasimama kwa miguu miwili, akatanua mikono. Lakini alikuwa mdogo. Kivuli chake kilifunika jicho moja tu.

Akasimama hivyo mpaka watu walipofika. Na walipofika, Ngiri alikuwa hahitaji tena kivuli.

Wakamzika, wakaketi matanga siku tatu. Siku ya kwanza watu walisema, "Tazameni rafiki wa kweli, alirudi peke yake." Nguchiro akainama. Siku ya pili watoto wa Ngiri walikuja kumkalia miguuni, wakalala. Nguchiro hakuthubutu kujisogeza. Siku ya tatu Bibi Kanga akasema, "Nguchiro, wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Sema neno tuondoe matanga."

Nguchiro akasimama.

"Kaka yangu alikufa akisema upepo umeichukua sauti yangu," akasema. "Upepo haukuchukua kitu. Sikumwita. Nililiona korongo nikanyamaza, ili nifike peke yangu."

Wote wakainama. Hata Kima alitazama vidole vya miguu yake.

Mke wa Ngiri akauliza polepole, "Alikufa akiamini ulimwita?"

"Ndiyo, shemeji."

"Nawe ukamwacha aamini."

"Nilimwacha."

Mama yule akawavuta watoto wake karibu. Kisha akasema, "Hilo moja nashukuru, maana alikwenda akiwa na rafiki. Mengine yote sina la kukuambia. Ondoka kwangu. Na hiyo kengele yako uende nayo, watoto wangu wasiisikie ikilia."

Nguchiro akaondoka.

Hakupigwa, hakutukanwa. Baada ya miezi kadhaa Bibi Kanga akaita mazoezi, Nguchiro naye akaenda. Ikafika zamu yake ya kushika mbele. Alipotangulia, akasikia kimya. Akageuka. Wenzake wote walikuwa wameshika breki, wamesimama katikati ya barabara.

Bibi Kanga akamsogelea, na siku hiyo hakumdonoa. "Mwanangu," akamwambia, "mimi sikukufukuza. Lakini kumwamuru mtu akufuate siwezi."

Nguchiro akaiegemeza baiskeli yake kwenye kichuguu, akaiacha hapo. Mchwa waliijengea juu mpaka ikafunikwa. Na wanyama wengine nao, mmoja mmoja, wakaziacha zao, kwa kuwa kila walipofika mteremkoni walianza kutazamana. Ndiyo maana leo hamwoni mnyama akiendesha baiskeli.

Watoto wa Ngiri wakakua bila baba. Kupe wakawajaa nyuma ya masikio, tumboni, kila mahali, na mama yao alikuwa mmoja, kazi zilimshinda. Asubuhi moja Nguchiro akaja. Hakubisha hodi, hakusalimu. Aliketi uani, akaanza kuwatoa watoto kupe, mmoja baada ya mwingine.

Mama akatoka, akasimama mlangoni. Hakumkaribisha. Hakumfukuza. Alirudi ndani, akaendelea kupika.

Kesho yake Nguchiro akaja tena. Na keshokutwa. Mpaka akazeeka, na wanawe wakaja baada yake. Nendeni nyikani mtawaona: ngiri amelala chini, na nguchiro wako juu yake wanamtoa kupe. Hawazungumzi.

Basi, wanangu, funzo ni hili. Anayekufuata amekukabidhi macho yake. Ukiona shimo, mwambie, hata kama moyo wako una kidonda. Uongo huua, na kunyamaza nako huua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na Nguchiro alimlea mjukuu huyo mpaka uzeeni.

Ngano nimeitua hapa chini. Aliyeilia imekuwa yake, aliyesinzia amwulize jirani.

Tumeipokea!

Haya, kunjeni mikeka.