Nyati Aliyeshukuriwa Kupita Kiasi

Paukwa!

Pakawa!

Mlio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Sogeeni, watoto wapate pa kukaa. Na watu wazima msijifanye hamsikilizi.

Hapo zamani za kale, katika mbuga moja yenye mto mwembamba, wanyama walipigana. Walipigania nini? Salamu! Pofu walisema jua la asubuhi lisalimiwe kwa kuinama. Punda milia walisema hapana, lisalimiwe kwa kulia. Basi kila kukicha, mateke, puu! Pembe, kacha! Majani yakageuka vumbi.

Siku moja mtoto wa Bi Nungunungu alinaswa katikati ya vita. Kwato kulia, kwato kushoto. Mama analia, "Mwanangu jamani! Mwanangu!" Nani amsikie?

Nyati akamsikia. Akaja mbio, gudu gudu gudu! Akasimama juu ya yule mtoto, akamkinga kwa mwili wake. Akanguruma, "Basi! Anayetaka kuinama, ainame. Anayetaka kulia, alie. Atakayempiga mwenzake atanikuta mimi."

Kimya, jii! Vita vikaisha.

Ah, walishukuru! Bi Nungunungu alibusu kwato zake huku akilia. Wote wakaimba, "Nyati asante, asante Nyati!" Wakamfanya mfalme. Wakamwambia, "Lolote utakalo, chukua."

Nyati akachukua. Akachukua majani mabichi. Akachukua kivuli. Halafu akawaita wakubwa wa kila ukoo waje kukaa kwake. Mkubwa wa Pofu akapewa kazi ya kumfukuzia nzi. Mkubwa wa Punda milia, kumkuna mgongo. Nao wakaona fahari! "Leo mfalme kanigusa kwa mkia!" "Mimi kanipigia chafya!" Kwao, watoto hawana wa kuwaangalia.

Ukimuuliza jambo, Nyati hujibu, "Mimi nimewekwa na mvua. Mvua peke yake ndiyo itakayoniuliza."

Nao huimba, "Nyati asante, asante Nyati!"

Kiangazi kikaja. Nyati akaamuru, "Zibeni mto. Maji yote yaingie kwenye dimbwi langu la kugaagaa. Lichimbeni, liwe na kina kuliko yote."

Wakaziba kwa ukuta wa matope. Wakachimba. Huko chini mto ukakauka, kau! Watoto wakalamba mawe.

Bi Nungunungu akapanda hadi dimbwini, chaka chaka chaka. Akamkuta Nyati yumo majini, kichwa tu juu.

"Shikamoo, mfalme wangu."

"Marahaba. Umekuja kushukuru?"

"Nimekuja kushukuru. Kila nikimwona mwanangu nakushukuru. Lakini leo mwanangu ana kiu, na maji umeyakalia wewe. Fungua mto, baba."

"Nani kakutuma uniulize?"

"Kiu."

Nyati akafura. "Pofu! Mkanyage huyu!"

Pofu akatazama chini. Akawakumbuka wanawe. Hakusogea.

"Punda milia! Mpige teke!"

"Mfalme, wangu pia wana kiu."

"Basi nitamkanyaga mwenyewe!"

Akajitutumua. Chubwi! Tope likamshika miguu, akazama hadi kidevuni. Akajitutumua tena. Chubwi! Hadi puani. Dimbwi alilotaka liwe na kina lilikuwa na kina kweli.

"Tumwache," akanong'ona Pofu. Wengine wakaitikia, "Tumwache!"

Bi Nungunungu akageuka, miiba imesimama, chwaa! "Hamtamwacha! Hayo yote tulimpa sisi wenyewe, tena kwa nyimbo. Na huyu ndiye aliyemkinga mwanangu. Bomoeni ukuta, maji yatoke, kisha mvuteni."

Wakabomoa. Maji yakaondoka, shwaaa! Watoto huko chini wakashangilia. Wakamvuta Nyati, haya vuta, haya vuta, mpaka akatoka, matope mwili mzima, anatetemeka.

Nyati akalia. "Niliwaamuru, mkakataa. Sikuwaomba, mkaniokoa. Asanteni, ndugu zangu."

Wakamwacha awe mfalme, maana ugomvi ukizuka hakuna mwingine wa kuutuliza. Ila mto, malisho na watoto, hana amri navyo mpaka koo zote zikae zikubaliane. Naye akakubali. Siku nyingine husahau, akaanza kufura. Bi Nungunungu hukohoa kidogo tu, naye hucheka, akauliza, "Haya, ninyi mnasemaje?"

Basi jamaa zangu, aliyekutendea wema mshukuru kwa moyo wote. Ila usimkabidhi maisha yako yote kwa jina la shukrani. Utamharibu yeye, nawe utaumia.

Hadithi yangu imeishia hapo mtoni, wanyama wote wanakunywa, mfalme naye kwenye foleni.